Kumweleza Maskini si Kumtukana

Msomaji, wako watu wasemao kuwa kitabu kinachoonyesha uchafu wa maisha ya maskini ni tusi kwa maskini. Neno hili si jipya. Mwaka 1877, Émile Zola wa Ufaransa alipotoa riwaya yake L'Assommoir, alipigwa kutoka pande mbili. Magazeti ya wakubwa yalikiita kitabu chake kichafu. Baadhi ya watetezi wa wafanyakazi nao walinung'unika kuwa amewaaibisha mbele ya mabwana. Mimi nasema wote walikosa, nawe uwe hakimu.

Tazama mfuatano wa mambo. Gervaise ni dobi katika mtaa wa maskini mjini Paris. Haja zake ni haba: afanye kazi, apate mkate, alee wanawe, asipigwe, afie kitandani mwake. Anaolewa na Coupeau, fundi wa kuezeka mapaa kwa bati, mtu aogopaye pombe kali kwa kuwa baba yake alianguka kutoka juu ya nyumba, akafa, siku aliyolewa. Wanafanya kazi kwa bidii na kuweka akiba ya kufungulia duka. Siku moja, akiwa juu ya paa, Coupeau anageuka kumtazama binti yake aliyemwita kutoka chini. Anateleza, anaanguka, anavunjika mguu. Akiba yote inakwisha katika kumwuguza. Kukaa bila kazi kunamvunja moyo, na hapo ndipo anapoanza kunywa. Baadaye mkewe naye anamfuata.

Je, lipi lilitangulia, chupa au paa? Asemaye kuwa umaskini wao ulizaliwa na ulevi, alianza kukisoma kitabu katikati. Fundi yule alianguka akiwa na akili timamu, kazini mwake. Sheria ya Ufaransa iliyompa mfanyakazi haki ya fidia kwa ajali ya kazini, bila ya kulazimika kuthibitisha kosa la mwajiri, ilipitishwa mwaka 1898, miaka 21 baada ya kitabu kutoka.

Simtetei mlevi. Wala Zola hamtetei: Coupeau anakufa hospitalini kwa wazimu wa pombe, na Gervaise, aliyetamani kufia kitandani, anafia katika kitundu chini ya ngazi, majirani wasijue mpaka harufu iwaambie. Lakini kutaja kosa la mtu si kusahau mzigo aliotwikwa.

Ama wale waliotaka aibu ifichwe, wakumbuke kuwa mficha maradhi, kifo humwumbua. Mwandishi apambaye umaskini kwa maua humwambia mwenye nacho kuwa hapana haja ya kubadili kitu. Zola alikifunua kidonda ili kitibiwe.

Basi, msomaji, ukikutana kesho na mtu aliyeanguka, usiulize kwanza amekunywa nini. Uliza alianguka kutoka wapi, na nani alikuwapo wa kumwinua.