Kisima cha Mwezini na Ua wa Wenye Ndoo

Mjadala wa maji ya Mwezini kwa kawaida huachiwa wahandisi. Kwa maoni yangu ni suala la siasa, na linatuhusu.

Oktoba 2009 shirika la anga la Marekani, NASA, liliangusha kipande cha roketi ndani ya kreta ya Cabeus, karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, mahali pasipofikiwa na jua. Kutokana na vumbi lililoruka, watafiti walikadiria kwamba maji yalikuwa takriban asilimia 5.6 ya uzito wa udongo ule. Udongo kama huo ukipashwa joto, barafu hugeuka mvuke; mvuke ukinaswa na kupozwa, hupatikana maji. Yakisafishwa hunyweka, yakitenganishwa kwa umeme hutoa haidrojeni na oksijeni, ambazo kwa pamoja huweza kuendesha roketi. Kila lita ipatikanayo huko ni lita isiyobebwa kutoka duniani kwa gharama kubwa.

Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza taifa lolote kujitwalia Mwezi. Hata hivyo, sheria ya Marekani ya 2015 inawaruhusu raia wake kumiliki rasilimali watakazochimba, na Mapatano ya Artemis ya 2020 yanasema uchimbaji peke yake si kujitwalia ardhi. Hoja hiyo ina mantiki: achotaye maji huondoka na ndoo yake, wala haambiwi kwamba ameiba kisima.

Shaka yangu iko kwenye ua. Mapatano hayohayo yanaruhusu kuwapo kwa "maeneo ya usalama" kuzunguka shughuli za nchi. Yanataka maeneo hayo yawe ya muda, lakini hayaweki kikomo cha ukubwa wala cha miaka. Mahali penye barafu ya kuchimbika ni pachache. Atakayetangulia kupazungushia eneo la usalama atakuwa amekimiliki kisima pasipo kulitamka neno umiliki.

Rwanda na Nigeria zilitia saini Desemba 2022. Zidai kikomo hicho zikiwa ndani. Kenya, iliyo mjumbe wa Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Matumizi ya Amani ya Anga za Juu, ikidai huko Vienna. Wapo watakaosema kwamba bara lenye vijiji visivyo na bomba halina haja na maji ya Mwezini. Lakini ni nani ajuaye kuliko sisi maana ya kufika kwenye chanzo cha maji na kukuta mwenye nguvu amekwisha kuweka lango? Tuseme sasa, kabla ndoo ya kwanza haijachotwa.