Hizo Nyota Tano za Vitz ni za Nani?

Kuna ubishi mmoja wa magari haujawahi isha mtaani. Upande huu wako wale wa "Vitz ni jeneza la magurudumu manne, ukibusiwa na Probox tu umeenda." Upande ule wako wauzaji, na jibu lao liko tayari: "Hii ni nyota tano, bosi. Enda mtandaoni uangalie." Unaenda, unaangalia, na kweli nyota zipo. Ubishi umeisha, unatoa doo.

Ngoja kwanza. Hizo nyota ni za gari gani hasa?

Euro NCAP, wale wa Ulaya wanaogonga magari mapya ukutani makusudi, walipima Toyota Yaris mwaka wa 2005 ikapata tano. Wakapima iliyofuata mwaka wa 2011, tano tena. Yaris na Vitz ni gari moja yenye majina mawili, hiyo siwezi kataa. Lakini Yaris iliyogongwa Ulaya ilikuwa na mifuko ya hewa ya mbele, ya ubavuni, na ile ya pazia inayoshuka dirishani kukinga kichwa. Japani, Vitz nyingi za bei ya chini ziliuzwa na ya mbele pekee. Hizo zingine ulikuwa unaongeza pesa ukizitaka. Sasa niambie, kati ya ile ya aliyeongeza pesa na ile ya bei ya chini, ni gani unadhani inajaa kwenye meli za kuja Mombasa?

Ukidhani natafuta makosa, tuangalie Suzuki S-Presso. Novemba 2020, Global NCAP walipima ile inayouzwa India. Ilikuwa na mfuko mmoja, wa dereva peke yake. Ikapata sufuri. Si nyota moja, sufuri. Mwaka wa 2022 wakapima S-Presso ya Afrika Kusini, imetengenezwa huko huko India, sura ile ile, ila hii ina mifuko miwili na mikanda inayojikaza yenyewe ukigonga. Ikapata tatu kwa watu wazima. Ukiziweka pamoja pale maegesho hutajua ni gani ya sufuri. Na bodi yenyewe bado walisema si imara, kwa hivyo hata hizo tatu msizishangilie sana.

Ndiyo maana nasema jina la gari halina nyota. Nyota ni za ile gari moja iliyogongwa siku hiyo, na vitu vyote vilivyokuwa ndani yake.

Kugongwa kwenyewe pia watu hawakuelewi. Katika vipimo hivyo vya mbele, gari inaendeshwa kilomita 64 kwa saa na inagonga kizuizi kwa asilimia 40 ya uso wake, upande wa dereva, kama vile umekutana ana kwa ana na gari ya uzito kama wako. Uzito kama wako! Kule Salgaa hakuna trela ya uzito wa Vitz. Kwa hivyo nyota tano za gari ndogo zinakusaidia kuilinganisha na gari ndogo nyingine, usizilinganishe na za Prado. Na 64 yenyewe, ni nani unamjua anaendesha 64 barabara ya Mombasa saa sita usiku?

Halafu sanamu zinazowekwa ndani ya hiyo gari zimefungwa mikanda, zote. Hapa ndipo inatugusa sisi ambao hatuna gari, kwa sababu hizi gari ndogo ndizo teksi zetu za simu. Mkanda wa nyuma huwa upo, ni kile kishikio chake ndicho kimezikwa chini ya kitambaa cha kiti. Juzi nikitoka Kasarani nilikichimba mpaka Allsops. Dereva akacheka: "Wa nyuma ni wa nini? Askari haangaliangi huko." Buda, mimi sifungi mkanda kwa ajili ya askari. Tukigonga, mimi ndiye nitaruka na kutua kwa mgongo wako.

Na nyota hupewa gari ikiwa mpya. Zile Vitz na Fit za zamani ambazo bado ziko barabarani, ziko zenye mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo kemikali yake huharibika polepole kwa joto na unyevu. Ikifunguka vibaya inakurushia vipande vya chuma usoni. Mamilioni ya magari, ya Toyota na Honda yakiwemo, yaliitwa yabadilishwe, na Takata ikafilisika 2017. Aliyenunua mtumba Changamwe hajawahi pata hiyo barua. Kama yako ni ya miaka hiyo, chukua namba ya chasisi uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ni bure.

Sheria yetu inauliza umri: ikipita miaka minane haiingii nchini. Sawa. Lakini tangazo la gari linakuambia rimu, redio, kamera ya nyuma, hata harufu ya viti. Idadi ya mifuko ya hewa? Kimya. Mimi nataka KEBS na NTSA walazimishe hiyo namba iandikwe kwenye kioo, karibu na bei, kwa kila gari iliyo yadini. Haihitaji maabara. Maandishi ya SRS AIRBAG yako kwenye usukani, kwenye dashibodi, ubavuni mwa kiti na kwenye nguzo ya mlango, kulingana na mifuko iliyopo. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuyahesabu.

Jumamosi naingia yadi za Ngong Road na swali moja tu: mifuko mingapi? Nitawaletea walivyojibu, na sura walizotengeneza wakijibu.