Mbegu Nayo Hufa

Mvua za mwaka zilipokaribia niliingia duka moja nikanunua pakiti ya mahindi ya kupanda, kilo mbili. Nina kishamba changu upande wa Kilifi, si cha kujisifia, lakini hutupa ugali wa miezi mitatu au minne. Nikapanda kwa kamba, mistari ikanyooka kama safu za msikitini. Siku ya nane nikaenda kutazama. Katika kila mashimo kumi, ni mawili tu yaliyoota. Nilipofukua shimo moja niliikuta punje imelainika, yanuka.

Majirani walikuwa na sababu zao. Mmoja alisema ni panya. Wa pili, Mungu amsamehe, alisema kuna mtu amenitia kijicho. Hakuna aliyesema lililokuwa kweli, kwamba punje zile zilikuwa zimekufa kabla sijazichimbia shimo. Niliitafuta pakiti kwenye taka nikaisoma vizuri. Muda wake ulikuwa umekwisha mwaka uliotangulia. Tena nikakumbuka kuwa duka lile huzipanga mbegu rafu ya juu kabisa, chini ya bati, mahali ambapo mwenye duka mwenyewe hawezi kusimama saa nane mchana.

Wengi wetu twaidhania mbegu kuwa ni kama kijiwe, kitu cha kuwekwa popote mpaka siku ya haja. Sivyo. Ndani ya punje mna kiini kilicho hai, kimelala, na kando yake kimewekewa chakula cha kuanzia safari. Kiini hicho hupumua, ijapokuwa polepole mno. Kikipata joto na unyevu hupumua kwa haraka, hula akiba yake, huzeeka, kisha hufa. Na punje kwa nje haionyeshi dalili yoyote. Utaiona nzima, ya kupendeza, nawe huku unapanda maiti.

Wataalamu wa mbegu wana kanuni yao ya kukadiria, nayo ni nyepesi kushika. Ukiupunguza unyevu ulio ndani ya nafaka kwa asilimia 1, umri wa mbegu huongezeka mara mbili. Ukilipunguza joto la mahali ilipowekwa kwa digrii 5, umri huongezeka mara mbili tena. Basi tazama hali yetu sisi watu wa pwani: joto la digrii 30 au zaidi, na hewa ya bahari iliyojaa majimaji kusi na kaskazi. Mbegu iliyokaa salama huko Limuru kwenye baridi, hapa kwetu umri wake hukatwa vipande vipande.

Tuliopitia chuoni tumekijua kisa cha Nabii Yusuf tangu tulipokuwa hatujafika mkao wa kushika kalamu. Aliwaagiza watu wa Misri kwamba watakachovuna wakiache katika masuke yake, isipokuwa kile kidogo cha kula. Utotoni nilidhani hiyo ni habari ya njaa tu. Leo naona mlikuwa na elimu ya ghala: punje iliyo ndani ya ganda lake haikuchubuka, na wadudu huhangaika kuifikia.

Na wazee wetu hawakuwa mbali na elimu hiyo. Wenzetu Wamijikenda walikuwa na uchaga juu ya meko, wenyewe huuita lutsaga. Mahindi ya mbegu, yale ya mdzihana na kanjerenjere, yalitundikwa pale na maganda yake. Moshi ukiyafukiza kila siku, yakakauka taratibu, fukusi wakayahama. Kisha tukaingia katika bati na majiko ya gesi. Silaumu, mimi mwenyewe macho yangu hayawezi moshi tena. Lakini uchaga ulipoondoka hatukuweka kitu mahali pake ila gunia pembeni mwa chumba.

Mbegu iliyokauka barabara yaweza kuishi muda wa kustaajabisha. Katika magofu ya ngome ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, zilichimbuliwa kokwa za tende katika miaka ya 1960. Mwaka 2005 moja ilipandwa, nayo ikaota baada ya kulala kiasi cha miaka 2,000. Jangwa lile kavu ndilo lililoihifadhi. Kokwa hiyo ingalitupwa Mombasa, isingalimaliza hata miaka michache.

Hata hivyo si kila mbegu yataka kukaushwa, na hapa ndipo wengi huharibu. Kokwa la embe na mbegu ya fenesi ukizianika juani umeziua. Zipande mbichi, wiki ile ile uliyokula tunda. Mwarobaini nao umri wa mbegu yake ni mfupi, usiuwekee msimu ujao. Mkoko ndio wenye haraka kupita yote: mbegu yake huota ingali juu ya mti, ikaning'inia kama kisu, kisha ikaanguka topeni tayari ni mche. Nayo nazi hubeba maji yake na chakula chake, na ikianza kuota hujaa joya ndani, lile tulilogombania utotoni pasi na kujua kuwa tunakula chakula cha mche.

Nayasema haya kwa kuwa jambo hili limeingia mahakamani pia. Kwa miaka mingi sheria ya mbegu ya nchi hii, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2012, ilimfanya mkulima kuwa mkosaji akiuza au kubadilishana mbegu ambazo hazikuthibitishwa, na adhabu ikafika faini ya shilingi 1,000,000 au kifungo. Novemba 2025 Mahakama Kuu ilikata kuwa vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Nilifurahi. Mbegu ya jirani kupewa jirani ndiyo iliyotulisha kabla ya pakiti yoyote kuchapishwa. Lakini haki tuliyorudishiwa ni ya kupeana mbegu hai. Atakayempa mwenzake punje zilizopekechwa na fukusi, akasema hiyo ndiyo asili yetu, amemdhulumu kama yule muuza duka. Na huyo muuza duka naye ajue kuwa hakuniibia bei ya kilo mbili. Ameniibia msimu, na mvua hairudishwi dukani. Katika fikihi tulisomeshwa kuwa kuificha aibu ya bidhaa ni haramu. Sijaona ni wapi mbegu ilipotolewa katika hukumu hiyo.

Kujua uhai wa mbegu hakuhitaji mashine. Hesabu punje 100 bila kuchagua nzuri. Zipange juu ya kitambaa kilicholoa, zikunje humo, weka kivulini na usiache kitambaa kikauke. Mahindi yape siku saba, kunde nane. Zikiota 90, panda kwa amani. Zikiota 60, ongeza punje katika shimo. Zikiwa chini ya nusu, tafuta nyingine. Ila zile zilizotiwa rangi zina dawa, zisiliwe wala zisipewe kuku.

Na kabla ya kuweka akiba, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya gilasi, uitikise. Chumvi ikigandama kwenye gilasi, mahindi bado mabichi, yarudishe juani, juu ya mkeka, si juu ya bati lenye kuunguza. Ukifungia mbegu mbichi katika mkebe uliozibwa umeifungia na kifo chake. Iliyokauka ndiyo ya kuzibwa.

Shangazi yangu amenipa kunde zake za tangu mwaka jana, alizoziweka na jivu katika chupa ya sharubati. Nimezikunja 100 katika kipande cha kanga hapa mezani pangu. Leo ni siku ya tano, na zimeota 71. Nangoja ya nane.