Usinunue tanki, nunua injini!

Wiki hii tuwaache kidogo masista duu na mabrazameni wa mjini, tuzungumzie chuma. Nazungumzia pikipiki, maana hapa Mpanda kijana asipokuwa anaendesha basi amepakiwa, na asipopakiwa basi anatafuta hesabu ya tajiri.

Tuanzie majuu. Huko kuna dude linaitwa Honda Gold Wing, la watu wenye mshiko wanaopenda safari ndefu. Lilipotoka mwaka 1975 lilikuwa na silinda nne, cc 999. Mwaka 1988 likapata silinda sita na gia ya kurudi nyuma kama gari. Mwaka 2001 likafika cc 1,832, na mwaka 2006 wakaliwekea mpaka puto la kumkinga dereva akigonga. Yaani miaka hiyo yote lilikuwa likinenepa tu. Siku hizi linazidi kilo 350. Hebu lipeleke njia ya Karema wakati wa masika uone. Likilala kwenye tope, wa kuliinua utawatoa wapi?

Sasa sikia. Kampuni hiyo hiyo, mwaka 1976, ilitoa ndugu yake mnyonge anayeitwa CG125. Huyo hakutengenezewa matajiri. Wahandisi wa Honda walikuwa wamegundua kwamba katika nchi zetu hizi watu wanapakia kupita kiasi, vumbi linaingia kila mahali, na oili inabadilishwa siku mtu akikumbuka. Injini ya CB125 waliyokuwa nayo ilizungusha valvu kwa cheni ya taimingi, na hiyo bila oili safi inakwisha haraka. Wakasema basi, tutengeneze injini inayovumilia watu wa namna hii.

Walichofanya ni kuishusha kemu chini, karibu na kranki, ikazungushwa na meno badala ya cheni. Kutoka pale zikapanda fito mbili za chuma kwenda kusukuma valvu juu. Basi. Hakuna cheni ya taimingi ya kulegea, na fundi anaweza kufungua kichwa cha injini hata chini ya mwembe bila kuhangaika kupanga taimingi upya. Cheni ya nyuma wakaifungia ndani ya kava zima ili vumbi lisiiguse. Injini ikawa cc 124, ikaitwa CG125, na dunia nzima ikaipokea. Kule Brazil, ambako ilianza kutengenezwa mwaka huo huo wa 1976, aliyeitangaza alikuwa Pelé mwenyewe. Usipime!

Je, imebadilika vipi miaka yote hiyo? Hapo ndipo penye utamu. Ya kwanza ilikuwa na umeme wa volti 6, taa yake kama koroboi. Baadaye ikawa volti 12. Pointi za kuchoma moto zikaondoka, ikaja CDI. Gia nne zikawa tano. Ya Ulaya, iliyokuwa ikitengenezwa Uturuki, mwaka 2004 ikapata selfu na breki ya diski mbele, kisha mwaka 2008 wakaifunga. Wabrazil wao mwaka 1981 waliifanya itumie alkoholi ya miwa, na mwaka 2004 wakatoa CG 150 ambayo kemu yake imerudi juu. Tangu 2015 wana CG 160. Lakini Pakistan mpaka leo wanaitengeneza ile ile ya fito, na watu wanaigombea.

Utaniuliza, sasa hiyo inanihusu nini mimi mtoto wa Kawajense? Inakuhusu sana. Kuanzia miaka ya 1990 viwanda kibao vya China viliichukua ile injini ya fito, vikaitengeneza kwa majina yao. Mwaka 2009 sheria yetu ilipoiruhusu pikipiki kubeba abiria kibiashara, na mwaka 2012 Katavi ilipokuwa mkoa na mji wetu kuanza kuchangamka, ni vyuma vya Kichina vilivyokuwa vikimiminika. Vingi vya vile vyenye majina ya ajabu ajabu pale stendi ni wajukuu wa CG125. Tanki limebadilika, stika zimebadilika, taa imekuwa na macho ya paka, lakini ndani ni babu yule yule wa 1976.

Huniamini? Chuchumaa usome namba iliyogongwa kwenye injini. Ukiona 156FMI, ile 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita, F ni kupozwa na upepo, M ni pikipiki na I ni daraja la cc 125. Ukiona 162FMJ, silinda imetanuliwa ikawa milimita 62, na J ni daraja la cc 150. Namba hiyo haikwambii kama ndani kuna fito au cheni, hilo muulize fundi. Lakini inakwambia ukubwa wa kweli wa injini, hata kama ubavuni wamebandika 200 ya kuuzia sura.

Nimeyaleta haya kwa sababu ya mkataba. Kuna mdogo wangu mmoja wa Makanyagio, kijana mtulivu kabisa, ambaye tajiri amemwambia achague chuma mwenyewe, halafu atapeleka hesabu kila siku mpaka kiwe chake. Akanijia mbio: "Kaka, kuna moja nyekundu dukani, ina spoti rimu na redio, we acha tu!" Nikamuuliza injini yake ni ya namna gani. Kimya. Nikamuuliza vifaa vyake vinapatikana Inyonga? Majimoto? Mishamo? Kimya tena. Jamani! Huyo anataka kufunga ndoa na bibi harusi kwa sababu ya shela.

Maana mkataba hauna huruma. Injini ikifa mwezi wa nne, hesabu haifi. Tajiri anataka chake, mama watoto anataka unga, na wewe umekaa gereji unamtazama fundi anavyochokonoa. Wapo vijana humu mjini waliolipa miezi tisa, wakanyang'anywa chuma kwa kukosa hesabu ya mwezi mmoja. Miezi yote tisa, hewa!

Kwa hiyo nilimwambia hivi, na wewe chukua. Boxer na TVS za Kihindi zina kemu juu na cheni ya taimingi. Si ubaya huo, hata Honda wenyewe waliishia huko. Ila ya cheni inataka oili kwa wakati, haina mzaha. Kama kijiwe chako ni cha mjini, mafundi wanaoijua wapo na maduka ya vifaa yapo, chukua bila mchecheto. Kama safari zako ni za ndani kabisa, za magunia ya mpunga na mahindi, injini ya fito bado ni rafiki, kwa sababu fundi wa kijijini anaimudu kwa spana chache.

Lakini angalia, mchoro ni mmoja, chuma ni tofauti. Kiwanda hiki kinaweka meno ya chuma kigumu, kile kinaweka ya bei rahisi, na kwa macho huwezi kutofautisha. Usimuulize muuzaji. Mfuate fundi, muulize mambo mawili tu: ni zipi zinazorudi rudi gereji, na vifaa vya ipi havikosekani. Fundi anajua, maana ndizo zinazomlisha.

Halafu mambo ya oili. CG haina filta ya kutoa na kuweka mpya. Ina chujio dogo na kikombe kinachozunguka kukusanya uchafu. Maana yake oili yenyewe ndiyo kila kitu, nayo ni kama lita moja tu. Kijana anayekimbia kilomita 100 kwa siku, nusu mwezi ana kilomita 1,500. Honda waliitengeneza isamehe uzembe, hawakuitengeneza inywe oili nyeusi kama lami mwaka mzima.

Na lile kava la cheni mnalolifungua ili pikipiki ionekane ya kispoti! Wenzenu walilifikiria kwa vumbi kama la kwenda Sitalike, nyie mnaliuza kwa watu wa vyuma chakavu. Mwezi wa pili mnalia cheni imekatika.

Mwisho ni breki. Ikiwa ipo yenye diski mbele na bei haikuumizi, ongeza hela uichukue. Na mishikaki uiache, abiria wa kisheria ni mmoja, na kofia ngumu ni mbili. Babu wa 1976 alijengwa avumilie mizigo, lakini injini kuvumilia ni jambo moja na kusimama ghafla mbuzi akikatiza ni jambo jingine.

Haya, nenda kachuchumae usome namba. Mwenye duka akikushangaa, mwambie umetumwa na mimi. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.