VIPORO VYA FRIZA SI UVIVU (Sehemu ya 3)

Mama wenzangu, leo naongea kwa hasira kidogo, mnisamehe.

Naishi peke yangu hapa Chonyonyo. Jumapili nabandika maharage kilo moja, nagawa kwenye vikopo, naweka friza. Jirani akiona: "Nesi, mvivu wewe, unakula viporo!"

Mvivu nani? Karagwe tunalima maharage, halafu ukitoka zamu ya usiku unakunywa chai na andazi, kwa sababu maharage yanataka saa mbili jikoni na mkaa ni bei. Mjamzito anayeishi mwenyewe hivyo hivyo, halafu kliniki tunashangaa damu iko chini. Jamani, madini ya chuma hayapotei kwa baridi!

Kinachoniudhi zaidi: anayecheka friza yangu ndiye anayelaza sufuria ya wali mezani hadi asubuhi. "Nitapasha tu." Kuna sumu za bakteria ambazo moto hauziondoi. Kiporo cha kuogopa ni hicho.

Kwa hiyo:
– Gawa kidogo kidogo kipoe haraka. Ndani ya saa mbili kiwe kwenye baridi.
– Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri.
– Pasha hadi kichemke, mara moja tu. Kikibaki, mwaga.
– Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa hushika baridi kama saa 48, ya nusu 24.

Huna friza? Omba kona kwa mwenye nayo, naye umpe kikopo kimoja. Atakayekuita mvivu, muulize yeye jana usiku alikula nini.

Kesho sehemu ya 4: chakula cha mtoto.