Ugavi Katika Zama za Akili Unde: Kijana Ajifunze Nini?

Bidhaa nyingi zinazouzwa katika maduka ya Mbagala, Tandika, Tandale na Tegeta hupita katika mikono mingi kabla ya kufika kwenye rafu ya muuza duka. Mmoja hukadiria kiasi kitakachohitajika, mwingine huagiza, mwingine hushughulikia ushuru wa forodha, mwingine hupokea mzigo bohari na kuuandika katika leja, na mwingine hupanga lori la kuusambaza. Kazi hizo zikiunganishwa ndizo ziitwazo ugavi. Kwa wakazi wa Temeke na Kinondoni hili si somo la mbali. Bandari imepakana na Kurasini. Stesheni kuu ya reli ya TAZARA na makao ya Bohari ya Dawa yaliyoko Keko yamo Temeke. Na soko la nafaka la Tandale hulisha sehemu kubwa ya jiji. Ni jambo la kawaida, basi, kwamba vijana wengi wanaomaliza sekondari hufikiria kujipatia riziki katika fani hiyo.

Lakini sasa imeingia mashine yenye akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Mashine hiyo husoma hati za shehena, hulinganisha ankara, hukisia mahitaji ya mwezi ujao na kupendekeza njia ya lori. Kutokana na hayo, vijana husikia mashauri ya aina mbili. Shauri la kwanza ni kwamba masomo ya ugavi hayana faida tena. La pili ni kwamba kijana ajifunze programu za kompyuta upesi, kisha atafute kazi ng'ambo. Mashauri yote mawili yana upungufu, kwa kuwa hayatenganishi kazi inayochukuliwa na mashine na kazi inayobaki kwa binadamu.

Somo la bandarini

Hii si mara ya kwanza kwa mashine kuingia katika kazi hiyo. Katika miaka ya 1930 na 1940 shehena za Bandari ya Dar es Salaam zilipakuliwa gunia kwa gunia na makuli, wengi wao wakiwa vibarua wa kutwa. Bila mabega yao meli haikuweza kuondoka. Ndiyo sababu migomo yao ya mwaka 1939 na Septemba 1947 iliushtua utawala wa kikoloni, na ule wa pili ulienea nje ya bandari na kufuatiwa na nyongeza ya mishahara. Mwaka 1956, Mmarekani Malcom McLean alisafirisha kontena 58 kwa meli Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Utaratibu huo ulipoenea duniani, winchi moja ikawa inafanya kazi ya makundi mazima ya wapakuaji. Kazi mpya iliyozaliwa ilikuwa ya karatasi: hati, leja na ratiba, nayo iliwaendea wale waliokwisha kusoma. Kuli hakuwa ameandaliwa kwa badiliko hilo, na hakuna aliyemwandaa.

Leo zamu ni ya karatasi. Anayejua kunakili tarakimu kutoka hati moja hadi nyingine, na hajui zaidi ya hapo, yuko mahali alipokuwa kuli winchi ilipowasili.

Mashine hukisiaje?

Ukadiriaji kwa hesabu ulikuwapo kabla ya kompyuta. Mwaka 1913 mhandisi wa Marekani, Ford W. Harris, alitoa kanuni ya kutafuta kiasi kinachofaa kuagizwa kwa mara moja. Zidisha mahitaji ya mwaka kwa gharama ya kila agizo, kisha kwa mbili. Gawanya kwa gharama ya kutunza kipande kimoja kwa mwaka. Halafu tafuta kipeuo cha pili. Ikichukuliwa kwamba duka la vifaa vya ujenzi huko Mbagala huuza mifuko 1,200 ya saruji kwa mwaka, kila safari ya lori ina gharama ya shilingi 30,000, na kutunza mfuko mmoja kwa mwaka ni shilingi 1,800, jibu ni mifuko 200, yaani safari sita kwa mwaka. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuihakikisha hesabu hiyo kwa kalamu.

Hata hivyo, kanuni hiyo imejengwa juu ya sharti kwamba mahitaji hayabadiliki na gharama ya safari ni ile ile mwaka mzima. Masika hulivunja sharti hilo. Mvua zikizidi, ujenzi hupungua, saruji huganda kwa unyevu, na Barabara ya Morogoro huweza kufungwa pale Jangwani Mto Msimbazi unapofurika. Akili unde hutumia hesabu nyingi na ngumu kuliko za Harris, lakini nayo hujifunza kutokana na takwimu za wakati uliopita. Ikiwa ilifunzwa kwa mauzo ya maduka ya Ulaya, haitajua namna mfungo wa Ramadhani unavyobadili mahitaji ya sukari na tende, wala haitajua kwamba takwimu iliyoandikwa na mtunza stoo asiyehesabu ni uongo. Pishi ikiwa mbovu, kila kipimo hupotoka.

Kwamba mtu na mashine wanaweza kufanya kazi pamoja kwa faida kumekwisha kuonyeshwa nchini Tanzania kwa chombo kidogo zaidi. Kwa majuma 21, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2009, vituo 129 vya afya katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini viliulizwa kila juma, kwa ujumbe mfupi wa simu, vina akiba gani ya dawa za malaria. Mwanzoni, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa aina moja au zaidi ya dawa hizo. Mwishoni ni asilimia 26. Simu haikuponya mgonjwa, wala haikubeba dawa hata moja. Iliuliza kwa wakati. Mhudumu alihesabu kwa uaminifu, na ofisa wa wilaya aliyeiona taarifa alikuwa na uwezo wa kuhamisha dawa kutoka kituo chenye ziada hadi chenye upungufu. Kama kimoja kati ya vitu hivyo vitatu kingekosekana, mtoto mwenye homa angerudishwa nyumbani bila dawa.

Kwenda au kubaki

Shauri la kwenda ng'ambo nalo lipimwe kwa mizani hiyo hiyo. Januari 2024 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kwamba akili unde itagusa takriban asilimia 40 ya ajira duniani: karibu asilimia 60 katika nchi zilizoendelea, na asilimia 26 katika nchi zenye kipato cha chini. Kuguswa si kufutwa, lakini ni dhahiri kwamba kazi za mezani zinaguswa kwanza huko huko vijana wanakotamani kwenda. Wakati huo huo milango inapunguzwa upana. Uingereza ilipandisha mshahara wa chini wa kawaida kwa mgeni mwenye ujuzi kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 kwa mwaka mnamo Aprili 2024, kisha hadi 41,700 Julai 2025, na kazi nyingi zisizohitaji shahada zikaondolewa. Karani wa stoo hapiti katika mlango huo. Anayepita ni mtaalamu aliyekomaa, yaani yule ambaye nchi iliyomsomesha inamhitaji kuliko wote.

Haifai kumwita msaliti mtaalamu anayekwenda. Ana wazazi wa kutunza, na fedha anazotuma hujenga nyumba na kulipa ada za wadogo zake. Lakini upo uhamaji mwingine usioonekana uwanja wa ndege: kazi kuhama na mfanyakazi kubaki. Programu inaweza kupanga akiba ya bohari la Chang'ombe kutoka ofisi iliyo bara jingine, na kijana wa Temeke akaachiwa kufungua na kufunga mlango tu. Mwaka 2023 Serikali ilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya DP World ya Dubai wa kuendesha sehemu ya gati za bandari. Ni wajibu wa kila mwajiri wa aina hiyo, wa nje na wa ndani, kuhakikisha kwamba wazawa wanajifunza kuisoma mashine, kuihoji, na kuamua pale inapokosea. Mtaalamu aliyepewa maamuzi ana sababu ya kubaki; aliyepewa ufunguo tu hana.

Vyombo vya kuandaa watu hao vipo. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianzishwa mwaka 1965 na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Mabibo mwaka 1975. Chuo cha Bandari kiko Temeke. Na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mitihani yao ipime zaidi uwezo wa kukagua makisio kuliko uwezo wa kukariri fomu.

Shule za sekondari nazo zisingoje kompyuta. Kila shule ya bweni ina stoo ya unga na maharage. Wanafunzi waihesabu kila Ijumaa, wachore grafu, wakisie matumizi ya juma linalofuata, kisha walinganishe makisio na hali halisi na kueleza sababu ya tofauti. Wakikuta upungufu ambao grafu haielezi, wafundishwe pia kuutaja bila woga. Mwanafunzi aliyezoea kufanya hivyo kwa gunia la maharage ataweza, siku moja, kuiambia mashine ya bohari la dawa kwamba hesabu yake si sahihi, na kuonyesha kwa nini.