Mwanao akicheza mchezo wa dadu, nani anashika penseli?

Ugomvi huanza kwa sentensi moja: “Huyo nilishampiga mimi, alibakiwa na pointi mbili tu!” Mwenzake anakataa. Wa tatu anadai ilikuwa zamu yake. Mdogo wao, ambaye hajarusha dadu kwa robo saa nzima, anaondoka mezani akilia. Mzazi aliye jikoni anasikia kelele na kuamua kuwa mchezo wenyewe ndio mbaya.

Mara nyingi mchezo hauna kosa. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika.

Mchezo wenyewe ni ule wa kuigiza wahusika mezani. Unaojulikana zaidi ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mtoto aliyetazama tamthilia ya Stranger Things amewaona wale wavulana wakiucheza. Mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mmoja ana mhusika wake: askari, mwizi, mpiga mishale, mchawi wa hadithini. Msimulizi anaeleza wanachokutana nacho, wao wanasema watafanya nini, na pale ambapo matokeo hayajulikani wanarusha dadu, hasa ile ya pande 20. Hakuna fedha inayowekwa mezani, kwa hiyo mzazi akiona dadu asikimbilie kusema kamari. Kanuni za msingi zinapatikana bure mtandaoni, kwa Kiingereza, na asiye na dadu ya pande 20 anaweza kutumia programu ya simu.

Hadithi ikiwa ya safari au mazungumzo, mchezo hujiendesha wenyewe. Vita vikianza ndipo hesabu zinapofurika. Kwa kanuni za toleo la tano, lililotoka mwaka 2014, kila mmoja anarusha dadu ya pande 20 na kuongeza namba ya wepesi wa mhusika wake. Mwenye jumla kubwa anaanza, anafuata wa chini yake, na orodha hiyo hiyo inarudiwa mpaka vita viishe. Maadui nao wamo kwenye orodha. Mzunguko mmoja ni sekunde sita tu ndani ya hadithi, ingawa mezani unaweza kula dakika kumi.

Halafu kuna pointi za uhai. Arneson alisimulia kuwa wazo hilo alilitoa kwenye mchezo wa vita vya meli, ambako meli huvumilia mapigo kadhaa kabla ya kuzama. Zimwi dogo liitwalo goblin, kwa mfano, lina pointi 7. Anayelishambulia lazima jumla yake ifike 15 ndipo pigo limpate adui. Lenyewe likimpata mtu kwa upanga, inarushwa dadu ya pande 6, inaongezwa 2, na jumla hiyo inatolewa kwenye uhai wa aliyepigwa. Mazimwi manne yakitokea mbele ya watoto wanne, tayari kuna hesabu nane zinazopungua kwa nyakati tofauti. Mtu mzima hawezi kuzibeba zote kichwani huku akisimulia, sembuse mtoto wa miaka 10.

Dawa ya kwanza ni daftari la kawaida. Majina yaandikwe kwa mpangilio wa zamu, kila mmoja na mstari wake, maadui wakipewa namba: zimwi la kwanza, la pili, la tatu. Pointi zikipungua, namba ya zamani ikatwe kwa mstari na mpya iandikwe pembeni. Isifutwe. Dakika tano baadaye kuna mtoto atakayeuliza ilikuwaje akafika 3, na ukurasa wenye namba zilizokatwa utamjibu vizuri kuliko sauti ya baba.

Kwa watoto wadogo, vibanio vya nguo vinafanya kazi kubwa. Kila kibanio kinaandikwa jina, kisha vyote vinabanwa kwenye ukingo wa boksi la viatu kwa mpangilio wa zamu. Mtoto anaona kabisa kuwa amebakiza mtu mmoja kabla yake, anaanza kuwaza atafanya nini, na lile swali la “zamu yangu lini?” linapungua sana.

Pointi za uhai nazo zinaweza kuwa maharage. Mwenye pointi 12 anapewa punje 12 kwenye kikombe, na pigo likimpata anatoa mwenyewe. Waliokulia karibu na bao wanalijua hili bila kufundishwa: kete zilizomo shimoni ndizo hesabu, hakuna anayetakiwa kukumbuka. Mtoto anayesumbuliwa na kutoa darasani hutoa kwa mkono hapa bila hata kugundua.

Penseli apewe nani? Watu wengi wangempa mtoto mtulivu. Afadhali apewe yule mbishi. Anayejua kudai haki yake kwa sauti kubwa huwa pia anafuatilia kila namba, na akishapewa daftari anakuwa mlinzi wa haki za wenzake. Wiki inayofuata ashike mwingine.

Lakini mtihani mkubwa humpata mzazi anapokuwa yeye ndiye msimulizi. Tuseme kitinda mimba wa miaka 8 anacheza mchawi, na mchawi anayeanza anaweza kuwa na pointi 8 tu. Pigo la lile zimwi ni kati ya 3 na 8. Upanga umempata, dadu imeonyesha 6, jumla ni 8, na mtoto anamtazama mama usoni. Kwa desturi msimulizi hujificha nyuma ya kizuizi cha kadibodi, hakuna anayeona. Mama anasema, “Umepoteza nne.”

Wachezaji watu wazima wamebishana kwa miaka kama hilo ni sawa, na wako wanaoliona ni sehemu ya kusimulia vizuri. Kwenye meza ya familia mambo ni tofauti. Kaka yake, ambaye mhusika wake alianguka Jumamosi iliyopita kwa pigo lile lile, anajua kukadiria. Hatasema kitu. Wiki mbili baadaye ataanza kuokota dadu yake haraka kabla wengine hawajaisoma, na mama hatakuwa na mdomo wa kumkemea.

Dadu za nyumbani zirushwe mbele ya wote. Mzazi mwenye huruma aitumie kabla ya vita: badala ya mazimwi manne alete mawili, au yawe na woga, yakimbie mwenzao mmoja akianguka. Na kama anataka watoto wa chini ya miaka 9 wapunguziwe maumivu, aseme mapema, wote wasikie, iandikwe juu ya ukurasa.

Hata hivyo, kufika sifuri si kufa. Mhusika anazimia. Kila zamu yake ikifika, mtoto anarusha dadu ya pande 20: kuanzia 10 kwenda juu amefaulu, chini ya hapo ameshindwa. Akifaulu mara tatu hali yake inatulia, akishindwa mara tatu amekufa. Akipata 20 anaamka papo hapo, lakini 1 inahesabiwa kama kushindwa mara mbili. Mwenye daftari achore duara tatu upande huu na tatu upande ule, azijaze wote wakiona. Mwenzake akimtibu na kumrudishia hata pointi moja, anaamka. Ni katika zamu hizo ambapo kaka aliyekuwa akigombania zimwi lake huliacha na kukimbilia kwa mdogo wake, na uso wa yule mdogo humlipa mzazi jioni yote.

Saa ya kula ikifika vita havijaisha, ukurasa upigwe picha kwa simu, pamoja na boksi na vibanio vyake. Atakayedai Jumamosi ijayo kwamba alibakiwa na pointi 9 ataonyeshwa picha.